Maji yanapanda, sukari inasafiri: mazungumzo na wanachama juu ya miti yetu iliyokauka

  Tunajua wengi wenu mmetoka mbali kwa miguu na jua linapanda, kwa hiyo tutaingia moja kwa moja.

Tumekuja hapa na deni. Mwezi wa pili, mwanzo wa sezoni B, tulileta miche ya avoka na ya maembe kwa shamba la chama. Baada ya wiki tatu karibu nusu ilikuwa imekauka. Mfadhili akatuandikia swali moja fupi: wanachama walimwagilia maji ama hapana? Lilipofika kijijini halikuwa tena swali, lilikuwa hukumu. Mama aliyekuwa na funguo ya pepinyeri na zamu ya maji alisemwa fasi ya kuteka maji, akasemwa sokoni, mpaka akaenda kuweka funguo kwenye meza ya komite akarudi nyumbani kwake. Hatutamtaja jina. Yuko pale nyuma, kila mtu anamjua.

Tulipomtembelea alituambia hivi: "Nilikuwa naweka maji kila asubuhi na kila mangaribi. Sasa hii miti ilikuwa inakataa kunywa?"

Neno lile lilitunyima usingizi. Sisi tulisoma kilimo chuo kikuu, diploma ziko ukutani, na jibu la mama lilikuwa kwenye daftari letu la mwaka wa kwanza. Mama alisema kweli. Miti ilikufa na kiu huku miguu yake iko kwenye maji. Aliyeiua hakuwa yeye. Tulikuwa sisi tulioileta, na ndiyo sababu tumeomba kusema mbele ya wote.

Lakini hamtatuamini kwa maneno matupu. Mnaona mwembe huu tunaokaa chini yake? Asubuhi tulipofika, kabla ya sala ya kufungua, tulifunga sashe safi kwenye tawi lile linalopigwa na jua, tukakaza mdomo wake na kamba. Kijana mmoja aende alifungue atuonyeshe. Mnaona? Kuna maji ndani. Mvua haijanyesha na hakuna mtu aliyeyaweka. Yametoka kwenye majani.

Jani lina vitundu vidogo sana, wengi viko upande wa chini, macho hayavioni. Kupitia vitundu hivyo jani linapokea hewa ya kutengenezea chakula, na kupitia hapohapo maji yanatoka yakiwa mvuke. Katika maji yote ambayo mmea unakunywa, zaidi ya sehemu 9 kwa 10 zinatoka hivyo na kupotea hewani. Kinachobaki mwilini ni kidogo tu. Tulipolisikia hili chuo kikuu mara ya kwanza tulifikiri ni hasara, kama bidoni iliyotoboka. Kumbe ule mvuke unaotoka ndio unaovuta maji kutoka chini.

Mti hauna moyo wa kusukuma kama sisi. Ndani ya ubao wake kuna mirija mingi, mingine myembamba kuliko unywele, inayotoka kwenye mizizi mpaka kwenye jani la mwisho. Maji yanashikana ndani ya mirija ile kama kamba moja. Jani likipoteza tone moja juu, kamba inavutwa, na mzizi unanywa tone lingine chini. Mwaka 1727 mchungaji mmoja wa Uingereza, Stephen Hales, aliandika namna alivyopima nguvu ile ya majani. Habari ya kamba ya maji ilielezwa na Dixon na Joly kule Dublin mwaka 1894. Wale wanaotengeneza pompe zetu wanajua kwamba pompe ya kunyonya iliyo juu ya kisima haiwezi kuvuta maji kupita metre 10 hivi. Huko California, Marekani, kuna miti inayopita metre 100, na jani la juu kabisa linakunywa bila mazuti wala fundi.

Kamba ile ina adui mmoja, nayo ni hewa. Mvuto ukizidi wakati chini hakuna cha kunywa, hewa inaingia kwenye mrija, kamba inakatika, na mrija ule hauvuti tena. Mkiona majani yamelegea saa sita mchana na mangaribi yamesimama tena, mti ulifunga vitundu vyake ukangoja, usiku ukakunywa. Yakibaki yamelegea mpaka asubuhi, hapo muogope.

Sasa chini. Nani anakunywa? Si ule mzizi mnene mnaoukata na jembe. Ule unabeba na kushikilia tu. Wanaokunywa ni vijizizi vya mwisho na manyoya yake laini, ambayo yanaishi siku chache na kuzaliwa mengine. Ukivuta mche kwa nguvu kutoka ardhini, vinabaki kwenye udongo.

Na sisi tulifanya nini? Gari la kwanza tulilopanga halikupatikana. Tukapata kamionete ndogo, nafasi ikawa haba, tukaamua kung'oa miche bila udongo wake na kuifunga kama kuni ili yote ienee. Barabara mnaijua. Tulitarajia kufika saa moja asubuhi, tukafika saa sita mchana, miche iko wazi nyuma ya gari, upepo na jua vinaipiga njia yote. Majani hatukuyapunguza hata moja, kwa sababu tulitaka wafadhili waone miche mizuri kwenye picha. Picha zilitoka nzuri kweli.

Basi miche ile ilikuwa na majani yote ya kupoteza maji na haikuwa na midomo ya kunywa. Mama akaweka maji miguuni, lakini midomo ilikuwa imebaki huko ilikotoka. Akatupigia simu kusema miti inalegea. Tukamjibu: ongeza maji. Hapo tulikosa mara ya pili. Shamba lile lina udongo mzito wa mfinyanzi, na mizizi nayo inapumua. Udongo ukijaa maji, hewa inatoka. Tulimwambia azamishe mgonjwa, naye akatii.

Ripoti mpya imekwenda kwa mfadhili, inasema hivi tunavyosema hapa. Ninyi wafadhili mtakaosoma, tunawaomba jambo moja: fedha ya sashe za udongo na ya gari la pili si anasa ya kukatwa kwanza kwenye bajeti. Safari hii ilikatwa kwanza.

Ya mbolea tutasema kidogo tu. Chumvi za ardhini zinaingia kwenye mti zikiwa zimeyeyuka ndani ya maji, zinapanda kwa njia ileile. Mbolea iliyomwagwa kwenye udongo mkavu inakaa pale kama chumvi kwenye sufuria bila maji. Wale wa nyanya mnaolalamika kwamba tako la nyanya linakuwa jeusi na kuoza kabla ya kuiva: mara nyingi si mdudu, na dawa mnayonunua haitasaidia. Tunda limekosa kalisiamu, maana kalisiamu inakwenda na maji tu, na maji mnayatia leo mengi, kisha siku nne hakuna. Wekeni kidogo kila siku na mfunike udongo kwa majani makavu.

Tuingie kwenye njia ya pili, maana hapo ndipo maneno mengi ya kijiji hiki yamelala.

Maji yanapanda ndani ya ubao. Chakula, yaani sukari inayotengenezwa na jani kwa nguvu ya jua, kinasafiri kwenye ganda, ile sehemu laini na mbichi ya ndani inayogusa ubao. Shuleni watoto wanafundishwa zailemu na floemu. Sisi leo tuseme njia ya maji na njia ya sukari. Njia hii ya sukari tayari mnaijua kwa kinywa. Anayegema pombe ya ngazi anakata kikonyo cha ua juu kabisa, anafunga chupa, na asubuhi anakuta maji matamu. Utamu ule haukutoka ardhini. Ni chakula ambacho majani yalikuwa yanapelekea ua, na mgemaji amekaa njiani akakipokea.

Nani anasukuma sukari? Ukiweka sukari juu ya vipande vya embe kwenye sahani, baada ya muda utakuta maji chini, sukari imeyaita. Jani nalo linajaza sukari kwenye mrija wa ganda, sukari inaita maji kutoka njia ya jirani, mrija unajaa, na kule inakohitajika sukari inatolewa, basi inasukumwa kutoka penye kujaa kwenda penye kupungua. Mjerumani Ernst Münch alieleza hivyo mwaka 1930. Mwendo wake unaweza kufika metre moja kwa saa. Na angalieni: haisemi "chini" wala "juu". Inakwenda fasi penye uhitaji.

Sasa ule mwembe wa kwenye parseli yenye maneno. Wengi mnajua habari. Papa mmoja wa chama alirudi kutoka Nyarugusu, akakuta mwembe ambao baba yake aliupanda kabla ya vita ya 1996. Katika parseli ile, alama ya ukoo wake iliyobaki ilikuwa mti ule. Msimu ule ulizaa kuliko kawaida, watu wakafurahi. Halafu matawi yakaanza kukauka kutoka juu, na mwishowe mti wote. Wengine wakasema ni uchawi wa waliokaa pale wakati yeye yuko kambini. Wengine wakamshika kijana wa jirani aliyeonekana na panga karibu na mti wiki moja kabla majani hayajaanguka. Yule kijana alikuwa karibu apigwe.

Tulialikwa na komite ya upatanisho kuangalia. Nyuma ya majani ya magugu, karibu na ardhi, ganda lilikuwa limekatwa kuzunguka mti wote, mkanda mpana kama mkono. Ubao haukuguswa. Ndiyo maana mti ulibaki na majani mabichi muda mrefu: njia ya maji ilikuwa nzima, ikaendelea kupandisha. Lakini njia ya sukari ilikatwa. Majani yakatengeneza chakula, chakula kikafika kwenye kidonda kikakwama, kikabaki juu, matunda yakanenepa. Ndiyo ile mavuno kubwa. Mizizi chini haikupata kitu. Ikala akiba yake mpaka ikaisha, ikafa njaa, na baada ya mizizi kufa, maji nayo yakakoma. Malpighi wa Italia alikata miti hivyo katika karne ya 17 na akaona ganda la juu ya kidonda linavimba.

Na uvimbe ule ndio uliomwokoa kijana. Juu ya mkanda, ganda lilikuwa limefanya mdomo mnene, mgumu, mkavu. Mdomo wa namna ile hauoti kwa wiki moja. Mti ulikatwa miezi mingi nyuma, wakati kijana yule bado alikuwa ng'ambo ya ziwa na hajapanda mashua ya kurudi. Nani alikata, hatujui, na hatukwenda pale kutafuta mtu. Wazee waliweka mikono yao juu ya uvimbe ule mmoja mmoja, kisha wakamwita mama wa kijana.

Mbuzi wanaokula ganda la avoka changa wanafanya jambo lilelile. Wakila upande mmoja, mti unaishi. Wakizunguka wote, una muda mfupi. Mkiona mapema, mnaweza kuchukua vijiti vibichi vya mti uleule, mkavichonga ncha zote mbili na kuvipachika chini ya ganda, juu na chini ya kidonda, kama madaraja, kisha mkafunga na sashe ngumu. Si kila mara vinashika. Tutawaonyesha siku ya shamba. Lakini miiba kuzunguka mche ni rahisi zaidi.

Sasa sombe. Hapa tunajua tunaingia kwenye ugomvi.

Komite imependekeza kukataza kabisa kuchuma sombe kwenye shamba la chama, kwa sababu mihogo ya mwaka jana ilikuwa myembamba kama vidole. Ba-mama wamesema: watoto watakula nini? Wote wawili wana haki, na tuwaambie kwa nini.

Muhogo chini ya ardhi ni ghala. Hautengenezi chakula, unapokea. Kila jani linaloondoka ni mtu mmoja wa kulisha ghala ameondoka. Na kuna lingine: mkichuma vichwa vyote, mti unataka majani mapya haraka, hauna wa kuyalisha, basi unafungua ghala. Sukari inageuka, inapanda kutoka kwenye muhogo kwenda kwenye vichwa. Ninyi ba-mama mnalijua hili zamani kuliko sisi. Juu ya nini hampendi kung'oa mihogo mara tu baada ya mvua za kwanza za sezoni A? Kwa sababu inakuwa na maji, unga wake hausimami. Kiangazi majani yalianguka, mvua imekuja, mti unavaa nguo mpya na unalipa kutoka ghalani. Anayechuma kila wiki anaufanya mti uishi mvua ya kwanza mwaka mzima.

Lakini kuchuma kwa kiasi, kila baada ya miezi miwili hivi, bila kuvua mti wote, hakupunguzi mihogo sana. Na sombe ni chakula chenye nguvu ya kujenga mwili wa mtoto, muhogo peke yake hauna hiyo. Kwa hiyo sisi hatukubaliani na komite kukataza, na hatukubaliani na kuchuma kila siku ya soko. Gaweni shamba katika vipande, kila kipande kiwe na zamu yake, na kile cha mihogo midogo chini ya miezi mitatu kisiguswe. Mkikubali ama mkikataa, mpige kura ninyi. Tukisema sisi itakuwa sheria ya watu wa kamionete.

Tukiwa bado kwenye muhogo: ugonjwa. Virusi vya mozayiki, ule unaokunja majani na kuyafanya madoadoa ya njano, na vile vya michirizi ya kahawia vinavyoozesha muhogo ndani, vinaletwa na nzi mdogo mweupe anayefyonza jani. Vikishaingia, vinapanda kwenye njia ya sukari na kusafiri nayo mpaka kila fasi ya mti. Ndiyo sababu kung'oa jani bovu hakusaidii. Na ndiyo sababu kipande cha mti unachopewa na jirani kwa upendo kinaweza kukuletea ugonjwa shambani, hata kama kipande chenyewe ni kinene na kizuri. Ule wa michirizi ni mbaya zaidi kwa hilo, maana majani yanaweza kuonekana hayana neno kubwa na muhogo chini umeoza. Kabla ya kuchukua mbegu kwa mtu, msiangalie mti tu. Mwombe ang'oe mmoja, mkate muhogo katikati, muone ndani. Mtu akikataa kung'oa mmoja, nanyi mkatae mbegu.

Tumalizie na miche mipya. Itakuja mwezi wa kumi na moja, mvua ikiwa imekaza. Kila mmoja utakuwa kwenye sashe yake na udongo wake. Gari litaondoka usiku, litafika kabla ya saa kumi na mbili asubuhi; likichelewa kupita saa tatu, miche italala kivulini mpaka mangaribi, na mtu yeyote akiwaambia mpande mchana, hata akiwa sisi, mkatae. Mashimo yachimbwe mapema. Siku ya kupanda tutapunguza majani mengine nusu, msishangae mkifikiri tunaharibu. Kila mche ufunikiwe na kivuli cha matawi ya ngazi wiki mbili za kwanza. Maji: chomeni kidole kwenye udongo, kukiwa na ubichi, acheni. Na komite imetukubalia kumrudishia mama funguo ya pepinyeri hapa, mbele ya watu walewale waliomsema. Mama, tunaomba uje mbele. Tusamehe.

Mzee mmoja alituuliza, wakati watu wanapiga makofi, kama mti wa ngazi nao ukikatwa ganda kuzunguka utakufa. Hapana, mzee. Ngazi na mgomba hazina njia ya sukari ya kuzunguka nje. Mirija yake imetawanyika ndani ya shina lote kama nyuzi kwenye kamba ya katani, maji na sukari bega kwa bega. Ndiyo maana wapandaji wanakata ngazi za mguu kwenye shina lake miaka na miaka na bado unazaa. Lakini una kichwa kimoja tu cha kuotea, kule juu katikati ya majani. Kile kikikatwa, hauna kingine.